Figo za baba zimepungua nguvu: je, akubali upasuaji wa moyo?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mtoto wa pili katika familia ya watoto wanne, na tunaishi Tabata pamoja na wazazi wetu. Baba ana umri wa miaka 64 na uzito wa kilo 78. Ana kisukari na presha kwa miaka mingi. Tangu mwanzoni mwa mwaka huu amekuwa akibanwa na kifua kila anapopanda ngazi au anapoharakisha kuelekea kituo cha daladala, na maumivu hutulia akikaa kitako. Alipelekwa hospitali akafanyiwa kile kipimo cha kuingiza mrija mwembamba kupitia mkononi na kupiga dawa ya rangi ili mishipa ya moyo ionekane. Tuliambiwa kwamba mishipa yote mitatu mikubwa ina sehemu zilizoziba, hivyo anahitaji upasuaji wa kupandikiza mishipa, ambao watu wengi huuita baipasi.

Kilichotukwamisha ni figo. Siku moja kabla ya kipimo hicho kreatinini yake ilikuwa 140, na siku mbili baada ya kipimo ikawa 172. Karatasi ya majibu ya mwisho imeandika kwamba figo zinachuja kwa kiwango cha 38. Daktari wa upasuaji alitueleza kuwa hali hiyo inaongeza hatari, akatuomba tukae kama familia kisha turudi kwake.

Tumekaa, na hatujaelewana. Baba mkubwa anakataa kabisa, kwa sababu jirani yake mmoja alipasuliwa moyo akatoka hospitali akiwa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine hadi alipofariki. Kaka yangu anasema baba awekewe stenti tu, yaani vile vijibomba vya kuzibua mishipa ya moyo bila kufungua kifua, au tukope fedha tumpeleke India. Shangazi ameleta dawa ya mitishamba ya kusafisha figo aliyoinunua Kariakoo, na baba ameshaanza kuinywa asubuhi na jioni. Zaidi ya hiyo hatumii kitu kingine isipokuwa metfomini ya sukari, losatani ya presha, aspirini, na diklofenaki ya maumivu ya magoti ambayo hujinunulia mwenyewe duka la dawa. Wakubwa wameamua kwamba baba asiambiwe habari za figo, ili moyo wake usipate mshtuko.

Daktari, ni kweli upasuaji huu unaua figo? Na je, mtu mwenye figo kama za baba anafaa kupasuliwa?

Binti wa Tabata

*

Marahaba, binti yangu. Umeniwekea namba zote ninazozihitaji ili nikujibu, na ninakushukuru kwa hilo. Hata hivyo nitaanza na dawa uliyoitaja mwishoni kana kwamba si kitu, yaani diklofenaki ya magoti. Nakuomba mzee aiache leo hii, kabla hamjakaa kikao kingine chochote. Dawa za jamii hiyo, ikiwamo ibuprofeni, hubana mishipa midogo inayopeleka damu ndani ya figo. Losatani nayo hulegeza mishipa inayoitoa damu upande wa pili, jambo ambalo kwa kawaida lina faida kwa mgonjwa wa kisukari, lakini zinapotumika kwa pamoja shinikizo la kuchuja hushuka. Ukiongeza juu yake ile dawa ya rangi iliyopigwa wakati wa kipimo, figo zilizokwisha kuchoshwa na sukari na presha zinakuwa zimebebeshwa mizigo mitatu ndani ya wiki moja. Kwa maumivu ya magoti atumie parasetamoli kwa kipimo sahihi wakati mnasubiri ushauri wa daktari wake. Losatani na metfomini msizikate wenyewe. Mwulizeni daktari lini zisimamishwe na lini zirudishwe, kwa kuwa metfomini hasa huhitaji kupunguzwa kipimo kiwango cha uchujaji kinaposhuka chini ya 45, na huachwa kabisa kikishuka chini ya 30.

Sasa tuje kwenye zile namba, maana hapo ndipo ninapoona familia inabishana juu ya jambo ambalo bado halijapimwa sawasawa. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli na kuondolewa na figo. Kwa mwanamume mtu mzima huwa kati ya mikromoli 60 na 110 hivi kwa lita ya damu. Kutokana na kreatinini, umri na jinsia, maabara hukokotoa kiwango cha uchujaji, na kiwango hicho kikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu ndipo tunasema mtu ana ugonjwa sugu wa figo. Kwa kreatinini ya 140, baba yako anapata uchujaji wa takriban 48. Kwa 172 anapata hiyo 38 iliyoandikwa kwenye karatasi yenu. Lakini hesabu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye kreatinini yake imetulia, na ya mzee wako ilikuwa inapanda siku ile ile alipotolewa damu. Kupanda kwa mikromoli 26.5 au zaidi ndani ya saa 48 kunatosha kuitwa jeraha la ghafla la figo, na yeye amepanda 32 katika siku tatu zinazokizunguka kipimo. Baada ya dawa ya rangi, kreatinini kwa kawaida hufika kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha hushuka polepole katika wiki moja hadi mbili au zaidi kidogo. Kwa hiyo hiyo 38 inaweza kuwa kivuli cha wiki mbaya, na huenda hali yake halisi iko karibu na 48.

Tofauti hiyo si ya makaratasi tu. Madaktari wa upasuaji wa moyo duniani kote hutumia kikokotoo kiitwacho EuroSCORE II kukadiria hatari ya mgonjwa kufariki kutokana na upasuaji, na ndani yake figo zina nafasi yake pekee. Kikokotoo hicho hutumia hesabu nyingine inayotia pia uzito wa mwili, kisha hugawa wagonjwa katika makundi: wenye uchujaji wa zaidi ya 85, walio kati ya 50 na 85, walio 50 au chini yake, na wale ambao tayari wanasafishwa damu. Nimemkokotolea baba yako kwa umri wake na kilo zake 78. Kwa kreatinini ya 140 anapata 52, na kwa kreatinini ya 172 anapata 42. Ni mgonjwa yule yule na moyo ule ule, lakini karatasi moja inamweka kundi la kati na nyingine inamshusha kundi la hatari kubwa zaidi. Ndiyo maana ombi la kwanza ninalotaka mlipeleke kwa daktari wa upasuaji ni kwamba kreatinini irudiwe angalau mara mbili katika wiki hizi, pamoja na kipimo cha protini kwenye mkojo na wingi wa damu, kabla ya tarehe kupangwa. Maadamu kifua kinambana anapotembea tu na kutulia anapopumzika, mara nyingi kusubiri huko kunawezekana, na timu nyingi za upasuaji hupendelea figo zipate nafasi ya kupona dawa ya rangi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Akibanwa na kifua akiwa amekaa au amelala, msisubiri kipimo chochote; mpelekeni idara ya dharura saa hiyo hiyo. Tafuteni pia makaratasi ya zamani ya kliniki ya kisukari, kwa sababu kreatinini ya mwaka jana au mwaka juzi itatueleza mengi kuliko ya wiki hii.

Umeniuliza kama upasuaji unaua figo. Ni kweli kwamba figo huumia katika upasuaji huu, na ni haki yenu kuelezwa kwa namna gani. Moyo unaposimamishwa, kazi yake hufanywa na mashine inayosukuma damu kwa mtiririko usio na mapigo ya kawaida, na mara nyingi kwa shinikizo la chini kuliko lile ambalo mwili wa mgonjwa wa presha umelizoea. Sehemu ya ndani ya figo hupata hewa ya oksijeni kwa kubahatisha hata mtu akiwa mzima. Shinikizo likishuka, hiyo ndiyo inayokosa kwanza, kama nyumba zilizo mlimani zinavyokuwa za kwanza kukosa maji siku ya mgawo. Chembe nyekundu za damu nazo husagika kidogo zinapopita kwenye mashine na kuachia rangi yake, ambayo ni sumu kwa mirija ya figo. Mwili mzima huvimba kwa ndani kwa kugusana na mipira ya mashine, na wakati mshipa mkuu wa damu unapobanwa kwa koleo, vipande vidogo vya mafuta vinaweza kubanduka na kwenda kuziba vijishipa vya figo.

Kwa sababu hizo, kati ya kila wagonjwa kumi wanaofanyiwa upasuaji wa moyo, wawili au watatu hupata jeraha la figo la kiwango fulani katika siku za mwanzo. Sentensi hiyo ikisikika peke yake inatisha, na nadhani ndiyo aliyoisikia baba yako mkubwa. Lakini walio wengi kati ya hao ni watu ambao kreatinini imepanda kwa siku chache kisha ikarudi. Katika utafiti mkubwa uitwao CORONARY, uliohusisha wagonjwa 4,752 katika nchi 19 na kutangazwa mwaka 2012, karibu asilimia 30 walipata jeraha la ghafla la figo, ilhali waliohitaji kusafishwa damu katika mwezi wa kwanza walikuwa karibu asilimia 1. Kwa mtu aliyeingia na figo dhaifu kama baba yako, asilimia hiyo hupanda, na hupanda zaidi kadiri uchujaji unavyokuwa chini. Siwezi kukupa namba yake kamili bila kumpima, wala simwamini mtu atakayekupa kwa simu.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hazielezwi, nalo ni kwamba figo dhaifu hubadilisha matokeo ya upasuaji hata pale zenyewe zisipofeli. Maji hubaki mwilini na kujaa kwenye mapafu, hivyo mgonjwa huchelewa kuondolewa kwenye mashine ya kupumulia. Potasiamu hupanda na kuvuruga mapigo ya moyo. Damu huchelewa kuganda, na kwa kuwa wagonjwa wa figo mara nyingi wana upungufu wa damu tangu awali, huongezewa chupa nyingi zaidi, na uongezewaji huo nao una madhara yake kwa figo. Maambukizi ya kidonda cha kifua huwa mengi, hasa kwa mwenye kisukari. Kwa hiyo jiandaeni kwa uwezekano wa kukaa siku nyingi katika chumba cha wagonjwa mahututi na wodini kuliko mgonjwa wa kitanda cha jirani aliyeingia na figo nzima.

Kuhusu yule jirani wa baba yako mkubwa, Mungu amrehemu, sitabisha juu ya kilichompata kwa kuwa sijui aliingia chumba cha upasuaji akiwa na figo za kiwango gani. Ninachofahamu ni kwamba mgonjwa anayeanza kusafishwa damu kwa sababu ya upasuaji wa moyo yuko katika hatari kubwa sana ya kufariki, na kwamba wapo wanaosafishwa kwa siku kadhaa tu na figo zikaamka. Mwulize baba mkubwa kwa adabu kama jirani huyo alikuwa na ugonjwa wa figo kabla, na kama ilikuwa dharura. Upasuaji wa dharura kwa mtu mwenye mshtuko wa moyo una hatari tofauti kabisa na ule unaopangwa kwa utulivu kama wa mzee wako.

Kaka yako naye ana hoja, na haifai kuipuuza. Stenti haihitaji kufungua kifua wala kusimamisha moyo, na katika siku za mwanzo figo hupumua. Lakini kuweka stenti kwenye mishipa mitatu kunahitaji dawa ya rangi tena, na pengine kwa awamu zaidi ya moja, yaani ile ile iliyoinua kreatinini wiki hii. Na kwa mgonjwa wa kisukari mwenye mishipa mingi iliyoziba tuna utafiti wa wazi. Ule uitwao FREEDOM, wa mwaka 2012, uligawa wagonjwa 1,900 wa aina hiyo katika makundi mawili, na baada ya miaka mitano waliofariki, waliopata shambulio la moyo au kiharusi walikuwa asilimia 26.6 kwa waliowekewa stenti na asilimia 18.7 kwa waliopasuliwa. Kiharusi peke yake kilikuwa kingi zaidi kwa waliopasuliwa, asilimia 5.2 dhidi ya 2.4, na hilo mlijue pia. Mizani ingebadilika kama uchujaji wa mzee ungekuwa chini ya 30. Kwa wagonjwa wa namna hiyo, ambao maumivu yao yametulia kwa dawa, utafiti wa ISCHEMIA-CKD wa mwaka 2020 haukuona faida ya kukimbilia kuzibua au kupasua kuliko kuendelea na dawa vizuri. Baba yako, kwa namba ulizonipa, hayuko huko.

Mtasikia pia habari za upasuaji unaofanywa moyo ukiwa unapiga, bila mashine. Katika ule utafiti wa CORONARY, njia hiyo ilipunguza jeraha la ghafla la figo kutoka asilimia 32.1 hadi 28, lakini figo zilipopimwa tena baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana. Kwa maoni yangu, mkono uliozoea njia moja ni bora kuliko njia nzuri mikononi mwa asiyeizoea. India sitakuzuia, ila hatari ya figo itapanda ndege pamoja na mzee, na miezi mitatu ya ufuatiliaji itawakuta mmekwisha kurudi Tabata. Hapa Dar es Salaam upasuaji huu hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyo Upanga katika eneo la Muhimbili, na Hospitali ya Taifa Muhimbili iliyo jirani nayo ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, hivyo madaktari bingwa wa figo hawako mbali na mgonjwa.

Mwombeni daktari wa upasuaji amwite bingwa wa figo amwone mzee kabla ya tarehe, si baada ya mkojo kukauka. Waulizeni shinikizo la damu litalindwa kwa kiwango gani akiwa kwenye mashine, mkojo utapimwa kila saa au la, sukari itadhibitiwa vipi, na ni dawa zipi zitakazoepukwa, maana kuna antibayotiki kama jentamaisini ambazo figo hazizipendi. Mnaweza kuwauliza pia kuhusu dripu ya amino asidi, yaani vijenzi vya protini, ambayo katika utafiti uliotangazwa mwaka 2024 kwa wagonjwa 3,511 wa upasuaji wa moyo ilishusha jeraha la figo kutoka asilimia 31.7 hadi 26.9. Hiyo hupigwa kwenye mshipa chini ya uangalizi wa hospitali, kwa hiyo asije mtu akamnunulia mzee makopo ya unga wa wanamazoezi. Na kama mna bima, pata jibu la maandishi kuhusu siku za chumba cha mahututi na usafishaji wa damu, kwa sababu mgonjwa anayeuhitaji kwa kudumu huufanya kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na familia nyingi hugundua mipaka ya bima yao wakiwa dirishani pa malipo.

Dawa ya shangazi iachwe. Sina shaka na upendo wake, lakini hatujui kilichomo ndani ya chupa ile. Baadhi ya mitishamba huharibu mirija ya figo moja kwa moja, na mingine huongeza kukojoa hadi mgonjwa akaishiwa maji. Chupa yenyewe mwipeleke kwa daktari aione, wala msimfiche kwamba baba ameinywa. Kadhalika msimjaze maji kwa nia ya kusafisha figo, kwani moyo wenye mishipa iliyoziba unaweza usiyamudu. Anywe kwa kiasi atakachoelekezwa.

Siri ya figo ndiyo iliyonisikitisha kuliko yote. Mzee wa miaka 64 mwenye akili timamu ndiye atakayetia saini ya ridhaa, na saini ya mtu asiyejua kwamba figo zake ni dhaifu haina thamani. Isitoshe, ni yeye anayekwenda duka la dawa kununua diklofenaki, na hataiacha kwa sababu asiyoijua. Mama yako au baba mkubwa amweleze taratibu, daktari akiwapo kama inawezekana, na tena mwende na baba mkubwa siku hiyo ya kliniki ili maswali yake ayaulize mwenyewe kwa mwenye majibu.

Akishapasuliwa na kurudi nyumbani, kreatinini na protini ya mkojo zipimwe tena ndani ya wiki za mwanzo, na bila kukosa baada ya miezi mitatu, hata kama anajisikia vizuri na ameanza kutembea hadi kituoni bila kubanwa. Mkojo ukipungua ghafla, miguu au uso ukivimba, au akianza kutapika na kukosa pumzi akilala, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Majibu ya marudio yakitoka, niandikie tena ukiweka tarehe ya kila kipimo.